Miguu ya Mheshimiwa

Shangazi yangu akitandika kitanda, kitanda hicho kinafungwa kama bahasha ya serikali. Kwanza analirusha shuka hewani, nalo linashuka taratibu likiwa limejaa upepo, na kabla halijatua mikono yake imeshaanza kulivuta. Upande wa miguuni analichomeka chini ya godoro mpaka viwiko vinapotea. Kisha anainua pembe, anaikunja pembetatu, anaishusha, nayo anaichomeka. Mwisho anapitisha kiganja juu ya kitanda kizima, kutoka kwenye mto hadi miguuni, macho yakiangalia kwingine kabisa, kama mtu anayempapasa paka wake huku akiwaza mambo mengine.

Amekuwa mhudumu wa wodi kwa miaka ishirini na tisa. Kazi hiyo alifundishwa na matroni mmoja ambaye akikuta mkunjo mmoja tu aling'oa shuka lote, akaliacha sakafuni na kwenda zake bila kusema neno. "Hakuwahi kunitukana," Shangazi husema. "Angenitukana ningeshamsahau."

Nyumbani kwake ni hivyohivyo. Mumewe ni fundi viatu, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana yake, kimejaa harufu ya gundi na ngozi. Sote tunamwita Fundi, hata mkewe. Fundi ana miaka thelathini na minne ya kulala katika vitanda vilivyotandikwa na mwanamke huyo, na ameshajifunza kuingilia juu, karibu na mto, na kujisukuma polepole kwenda chini. "Mimi kila siku nalala kama barua," anasema. "Tatizo hakuna anayenituma popote."

"Ungetumwa ungerudishwa," Shangazi humjibu. "Nani atalipia stempu ya mzigo wote huo."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, wawili, mpaka alipokuja mjukuu.

Aliletwa akiwa na miezi tisa. Mama yake, binti yao wa pekee, alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu wa masomo ya upimaji wa maji, na baba wa mtoto alikuwa ameshashika njia yake. Binti akarudi chuoni, mtoto akabaki. Fundi ndiye aliyempa jina la Mheshimiwa, kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mtu mwingine ambaye haendi kokote kwa miguu yake, akitaka kitu ananyoosha kidole tu, na watu wazima wanakimbia kugongana mlangoni.

Muuguzi mmoja wa wodi ya Shangazi aliwapa kitanda cha mtoto ambacho wanawe walikuwa wameshakiacha, kile chenye fito pande zote nne, kimepakwa rangi ya kijani. Fundi alikitazama kikiingia ndani, akasema, "Ndama tunaye, sasa zizi limefika." Tangu siku hiyo kikaitwa zizi. Ufito mmoja ulikuwa umelegea na ulizunguka ukishikwa, ukitoa mlio mwembamba, na Mheshimiwa alijifunza kuuzungusha asubuhi ili kutangaza kwamba ameamka. Ukingo wa juu ulikuwa umejaa alama za meno, mengine ya watoto wa muuguzi, mengine mapya.

Zizi liliwekwa chumbani kwao, ubavuni mwa kitanda, upande wa Shangazi. Jioni alipomlaza mtoto, alikaa ukingoni mwa kitanda chake na kupitisha mkono katikati ya fito. Mtoto alishika kidole kimoja, mara zote kile cha kati, na alipolala kidole kiliachiwa chenyewe. Shangazi aliniambia kwamba alikuwa anaijua kwa hakika ile dakika ya kuachiwa. Kidole kilikuwa kinapata baridi kidogo.

Mheshimiwa alipotimiza miaka miwili na miezi sita, binti alipiga simu. Masomo alishamaliza, na miezi michache nyuma alikuwa ameajiriwa katika maabara ya idara ya maji, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka kwetu.

"Mama, nimepata nafasi."

"Ya nini tena? Si umeshapata kazi?"

"Ya mtoto. Kuna kituo cha kulea watoto, hatua chache tu kutoka maabara. Wanawachukua wa umri wake."

"Mh."

"Ila hawana vitanda vya fito. Wana vitanda vidogo vya kawaida vimepangwa mstari, na wanataka mtoto aliyeshazoea. Mmoja akilia mchana anawaamsha wote. Nafasi wameniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Ikipita hapo wanampa mwingine, nami nasubiri mwaka mwingine."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo akishalala kitanda cha kawaida siku tatu mfululizo bila kulia, niambie. Nakuja kumchukua."

Shangazi alisema haya, sawa, asijali. Alikata simu na kwenda chumbani. Mtoto alikuwa amesimama zizini amevaa kiatu kimoja cha Fundi kichwani. Shangazi alikaa kitandani akamtazama kwa muda, hadi mtoto akakivua kile kiatu na kumpa, kwa kudhani ndicho anachokitaka.

Kitanda chenyewe kilikuwepo. Kilikuwa kile alicholalia binti yao utotoni, kimesimamishwa ukutani katika chumba kidogo kinachotazamana na chao, nyuma ya cherehani mbovu na magunia ya vipande vya ngozi. Fundi alikitoa, akakipangusa, akakata miguu yake kwa msumeno ili kiwe kifupi. Ilipobaki urefu wa shibiri moja tu kutoka sakafuni, alikipigilia soli za mpira chini, nne, moja kila mguu, kisiteleze.

"Umekivisha viatu," Shangazi alisema.

"Namba ishirini na nne," Fundi akajibu. "Hazibani."

Siku hiyohiyo Shangazi alinunua mashuka mapya, yenye picha za samaki wadogo wa buluu. Akayafua, akayapiga pasi, akatandika. Alitandika kama ajuavyo. Samaki walinyooka wote kwa mstari mmoja.

Saa moja jioni, baada ya kuoga na maziwa, alimlaza mtoto chali katika kitanda kipya, akamfunika, akachomeka kulia, akachomeka kushoto, akapitisha kiganja. Mheshimiwa alibaki kichwa na mikono tu juu ya shuka. Macho yake yalizunguka chumba. Kisha akasema, "Mguu."

"Mguu umefanyaje, mjukuu wangu?"

"Mguu, Bibi. Mguu."

Shangazi alifunua, akautazama mguu, akautazama na wa pili. Hapakuwa na mwiba wala alama ya kung'atwa. Akaipaka mafuta yote miwili, akaifunika, akachomeka tena. Hapo kilio kikaanza, na kilikuwa kilio hasa, cha mtu aliyedhulumiwa. Baada ya nusu saa Mheshimiwa alirudishwa zizini, akapewa kidole, akalala kabla kwikwi haijaisha.

Siku ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile. Jumamosi nilipita mchana kuwasalimu, nikamkuta Shangazi anajaribu usingizi wa mchana. Nilisimama mlangoni. Mtoto alikuwa amelala amenyooka, shuka limemkaza kifuani, mikono nje.

"Shangazi, mbona kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa?"

"Wagonjwa wangu hawapigi kelele hivi," alisema.

Nami nikacheka. Sikuelewa zaidi yake. Ninalea watoto wawili, na nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye jibu, nikasema kwamba labda anaogopa chumba.

Ukweli ulikuwa huu. Kule zizini Shangazi hakuwahi kuchomeka kitu. Fito zilikumbatia godoro, hapakuwa na mahali pa kupitisha mkono, kwa hiyo mtoto alitupiwa tu kipande cha shuka kilicholainika kwa kufuliwa. Na mtoto huyo alikuwa na namna yake moja ya kulala. Aligeuka kifudifudi, akakunja magoti chini ya tumbo, akainua matako juu kama chura anayetaka kuruka. Asipokaa hivyo usingizi hauji. Katika kitanda kipya alikuwa hawezi kukunja hata kidole cha mguu.

Simu ilipigwa jioni hiyo.

"Vipi, mama? Amelala?"

"Bado. Analia."

"Analia nini?"

"Mguu."

"Mguu gani?"

"Yote. Nimeikagua, haina kitu. Nadhani hajawa tayari tu, mwanangu. Watoto hawafanani."

"Haya, mama," binti akasema taratibu. "Endelea kujaribu."

Fundi alikuwa anakula. Aliniambia baadaye kwamba mkewe alipoweka simu mezani alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwa daktari na kuambiwa si ugonjwa. Fundi aliongeza maji katika kikombe chake akaendelea kula.

Jumatatu Shangazi alikuwa zamu ya asubuhi. Katika kitanda cha dirishani alilazwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, aliyewaita wahudumu wote binti zangu hata wale wenye mvi. Shangazi alimkuta na shuka limechomoka lote miguuni, kama kila siku. Akaanza kulirudisha.

"Binti yangu," bibi akasema, "nikuulize. Kosa langu nini?"

"Kosa gani, bibi?"

"Kila asubuhi unanifunga, kila jioni natumia saa nzima kujifungua. Nyonga ndiyo iliyovunjika. Vidole vya miguu ni vizima na vinataka kucheza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. "Na mimi nilidhani ni sheria ya hospitali."

"Mimi nilidhani ni adhabu," bibi akasema. "Nikawa najiuliza nani kanisema."

Shangazi alicheka pamoja nao. Mikono yake ilikuwa bado chini ya godoro hadi viwikoni, na hapo, aliniambia, ndipo aliposikia ile sauti ndogo inayosema mguu, Bibi, mguu. Aliisikia waziwazi kama mtoto yuko wodini. Akamfungulia bibi yule shuka, akaliacha likining'inia, akaenda kitanda kinachofuata.

Sasa nifike mahali ambapo Shangazi mwenyewe alisita aliponisimulia. Tulikuwa tumekaa kwenye kitanda kile kifupi, magoti yetu yakiwa juu karibu na videvu, naye alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Nilirudi nyumbani najua," alisema. "Jumatatu hiyo. Njia nzima nawaza, nikifika nalegeza. Nikafika, nikamwogesha, nikampa maziwa. Nikamlaza." Akaikunja tena ile ncha. "Nikachomeka."

"Ukasahau?"

"Sikusahau. Nilichomeka vizuri kuliko siku zote."

Jumanne akachomeka. Jumatano akachomeka. Mtoto alilia mguu, akarudishwa zizini, akashika kidole. Binti alipopiga simu Shangazi alisema bado, na neno hilo lilimtoka kwa urahisi hata yeye akashangaa. Alikuwa na hoja zake. Miaka miwili na nusu ni midogo. Kituo ni kituo, wageni ni wageni. Mwaka si mwingi. Na chini ya hoja zote hizo palikuwa na kidole cha kati, na ile baridi kidogo, na chumba ambamo baada ya mwisho wa mwezi asubuhi zisingekuwa na mlio wa ufito.

Sijui ningefanya nini kama ingekuwa mimi. Mtu anaweza kukesha na watu wasiomhusu miaka ishirini na tisa, akawageuza, akawaosha, akawasitiri, halafu siku moja akamnyima mjukuu wake mwenyewe nafasi ya kukunja magoti. Na akafanya hivyo kwa upole wote, huku akimwimbia.

Ijumaa jioni Fundi aliacha kazi mapema. Alikuja na vumbi la ngozi mikononi, akasimama mlangoni mwa chumba kidogo wakati Shangazi anapitisha kiganja. Mtoto alishaanza kukunja uso.

"Mguu," Mheshimiwa akamwambia babu yake, kama mtu anayepeleka malalamiko ofisi ya juu.

Mteja akija kwa Fundi na kusema kiatu kinamuumiza, Fundi hamuulizi wapi. Anapiga goti, anabonyeza mbele ya kiatu kwa kidole gumba, anatafuta mahali vidole vya mguu vinapoishia. Ni jambo la sekunde moja, amelifanya mara nyingi mno hata mkono unakwenda wenyewe. Jioni hiyo mkono ulikwenda wenyewe. Alipiga goti miguuni mwa kitanda, akabonyeza shuka pale vidole vidogo vilipokuwa. Akabonyeza tena pembeni.

"Kiatu hiki kinambana," alisema.

Shangazi alirudia kupitisha kiganja.

"Bi mkubwa. Hakuna nafasi hata ya kupitisha uzi hapa. Vidole vimelala ubavu."

"Najua."

Fundi alibaki amepiga goti. "Unajua."

"Najua, Fundi."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Mtoto aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akaacha kukunja uso ili asikie vizuri. Fundi alijifuta vumbi kwenye suruali. Shangazi aliniambia kwamba alikuwa anangoja aulizwe kwa nini, na alikuwa ameshapanga majibu, hata lile la kituo ni kituo. Hakuulizwa.

"Basi mimi nakwenda kunawa," Fundi akasema, akinyanyuka kwa kushika ukuta. "Kitanda umetandika wewe. Siwezi kufumua kazi ya fundi mwingine."

Alitoka. Maji yakasikika uani, yakasikika kwa muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji.

Shangazi alipiga goti palepale alipokuwa mumewe. Alichomoa pembe ya kulia, akachomoa ya kushoto, akavuta shuka lote la miguuni likaanguka nje ya godoro, na samaki wakapinda kila mmoja upande wake. Mheshimiwa alinyanyua mguu mmoja, akautazama hewani. Akanyanyua wa pili. Akageuka kifudifudi, akavuta magoti, akainua matako, akashusha pumzi moja ndefu ya mtu aliyetoka safari. Shangazi alimpa kidole. Mtoto alikishika, lakini hakikushikwa sana. Kiliachiwa mapema mno.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka Shangazi alipoamshwa na sauti asiyoijua. Kwa karibu miaka miwili asubuhi ilikuwa mlio wa ufito, kisha "Bibi," kisha yeye kunyanyuka na kumtoa mtoto zizini. Sauti hii ilikuwa nyingine. Pa, pa, pa, kwenye sakafu ya saruji. Ikasimama. Pa, pa. Nyayo ndogo za miguu mitupu, hatua kumi na moja kutoka chumba hadi chumba, zenye kusita katikati pale penye giza la ukumbi.

Mlango ulisukumwa. Mheshimiwa alisimama kando ya kitanda chao, nywele zimelala upande mmoja, amejaa fahari hadi midomo imebana.

"Nimekuja," alisema.

Hakuna aliyemleta. Hakuwa ameita mtu. Alikuwa ameamka katika nyumba yenye vyumba vyote, akachagua huu. Shangazi anasema katika maisha yake yote mtu hajawahi kumfanyia heshima kama ile.

Mtoto alishika shuka la kitanda cha wakubwa akataka kupanda. Shuka halikusogea. Akavuta kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kama anayevuta ng'ombe. Halikusogea hata kidogo, maana lilikuwa limechomekwa kwa utaratibu wa matroni. Akamtazama bibi yake, mdomo ukaanza kupinda.

Shangazi aliinama, akapitisha mkono chini ya godoro, akalifumua. Upande wote, kutoka kiunoni hadi miguuni. Mtoto akapanda, akaingia katikati, akaweka nyayo baridi kwenye tumbo la babu yake.

Fundi hakufumbua macho. "Miaka thelathini na minne naomba kitu hicho," alisema. "Mheshimiwa kaomba mara moja tu."

"Wewe hukuwahi kuvuta," Shangazi akamwambia.

"Niliogopa ningetandikwa mimi."

Mtoto alilala hivyo kitandani kwake siku ya pili, na ya tatu. Kila asubuhi hatua kumi na moja, na ile ya kusita kwenye giza ikawa fupi zaidi. Asubuhi ya tatu, zikiwa zimebaki siku sita mwezi uishe, Shangazi alipiga simu mwenyewe. Alisimama karakanani, kati ya viatu vya watu, ili mtoto asisikie.

"Analala," alisema. "Siku tatu. Halii."

Binti alisikika akivuta kiti.

"Na kuna jambo lingine," Shangazi akaendelea. "Angeweza kulala tangu wiki iliyopita. Ni mimi niliyekuwa namkaza. Ulikuwa mguu kweli, nami nilishajua, nikakuambia bado."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Uliposema mguu nilijua palepale. Mama, mimi nimelala kitanda hichohicho mpaka darasa la sita. Usiku nilikuwa natoboa njia kwa kisigino."

Shangazi alikaa juu ya kigoda cha wateja. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Niliangalia kalenda," binti akasema. "Nikaona siku bado zipo. Nikasema acha akae nazo."

Alikuja siku ya mwisho wa wiki. Amekonda, amevaa miwani ambayo hatukuijua. Mheshimiwa alimwonea haya kwa saa nzima, akajificha nyuma ya miguu ya Fundi, kisha akamshika mkono na kumpeleka chumba kidogo kumwonyesha jinsi anavyoshuka mwenyewe kitandani. Alishuka na kupanda mara tisa. Binti alipiga makofi mara tisa. Shangazi alikuwa anafunga mashuka ya samaki ndani ya mfuko, na alikuwa anarudia maagizo ambayo hakuna aliyeyahitaji.

"Juu unaweza kuchomeka kidogo, asianguke. Huku chini usiguse."

"Nimesikia, mama."

"Na hao wa kituoni uwaambie. Waambie ana miguu."

"Nitawaambia ana miguu."

Waliondoka asubuhi. Zizi lilifunguliwa skrubu na kupelekwa kwa muuguzi mwingine wa wodi ile, mjamzito wa miezi saba. Shangazi alibaki na ule ufito uliokuwa ukizunguka. Aliniambia aliuweka kando kwa sababu umelegea na unaweza kumwumiza mtoto wa watu, na Fundi, aliyekuwa anatusikiliza, alisema kwamba bila shaka ni hivyo, akaendelea kushona.

Wodini bado anapitisha kiganja, na juu ya kitanda hutapata mkunjo. Lakini miguuni anaacha mashuka yake yakining'inia. Muuguzi mpya alimuuliza kama ameanza kuchoka. "Nimechoka tangu mwaka wa tatu," Shangazi alimjibu. "Hilo ni jambo lingine." Bibi wa nyonga, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, aliwaambia wenzake wote kwamba yeye ndiye aliyewapigania.

Kitanda kifupi kipo palepale. Niliwahi kwenda kwao mapema sana, kabla ya kazi, kupeleka kiatu cha mwanangu, nikamkuta Shangazi amekaa juu yake na simu sikioni. Nilimsalimu. Aliinua mkono ninyamaze.

Fundi alinivuta nje kidogo akanieleza. Kila asubuhi, muda huohuo, binti hupiga simu kabla mtoto hajaamka. Haongei. Anaiweka simu sakafuni, karibu na mlango, akaendelea na shughuli zake, na mama yake anasubiri. Wakati mwingine anasubiri dakika mbili, wakati mwingine kumi. Anasikia sufuria, anasikia maji, anasikia redio ya jirani wa binti yake.

"Anasubiri nini?" nilimuuliza, ingawa nilishaelewa.

Fundi alikigeuza kiatu cha mwanangu, akabonyeza mbele kwa kidole gumba. Ndani, Shangazi alikuwa ameinama, jicho moja amelifumba. Kisha bega lake likashuka, uso ukalegea, na bila kuongea na mtu akaanza kugonga taratibu kwa kidole cha kati juu ya goti lake. Pa, pa. Akasita. Pa, pa, pa.